Mashuka ya Siku Kumi na Mbili

Nilipostaafu, Sista Wanjiku aliniletea daftari jipya akaniambia, "Mzee Shabani, andika. Hawa watoto wa shifti mpya watatumalizia mashuka." Basi ninawaandikia nyinyi mnaoingia chumba cha kufulia baada yangu. Vyeo sitavitaja. Nilipata viwili, na cha pili kilikuwa kile kile cha kwanza chenye beji mpya. Mshahara nao mnaujua, ni huo huo mnaolalamikia.

Kabla ya kuja Sydney nilikuwa muuza mitumba Tanga, mtu wa marobota. Anayefungua robota bila kuhesabu mara mbili huyo hafanyi biashara, anatoa sadaka. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipofika kwenye ile nyumba ya wazee, karibu na stesheni ya Rooty Hill, nilijiona fundi tayari. Nyumba ilijengwa na Wajerumani waliohamia huku ujanani, wakazeeka, wakataka kuzeekea mahali ambapo mkate ni mgumu na kahawa inanywewa saa tisa kamili. Mkuu wa kufulia alikuwa Bi Trudi, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mpiga makasia. Alinisukumia rundo la foronya.

"Ngapi?"

Nikahesabu mara mbili. "Sitini."

"Hesabu tena."

Nikahesabu. Sitini. Akainuka kitini. Alikuwa ameikalia moja.

"Sitini na moja," akasema. "Na kiti pia kinahesabiwa."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kushona utepe wa namba ya chumba kwenye pembe ya kila shuka, kwa sababu mashuka pale huletwa na familia, si mali ya nyumba, na mzee wa Kijerumani hulitambua shuka lake gizani kwa kulipapasa tu. Alinifundisha vibanio vya mbao, kwani vya plastiki jua la Februari huvifanya biskuti. Alinifundisha kulikunja shuka kubwa peke yangu, kidevu kikiwa mkono wa tatu.

Na alinifundisha wenyeji. Jumapili mashine hazingurumi. Siku hiyo ni ya kimya, na atakayepiga hata nyundo ataletewa barua ya malalamiko yenye aya na vifungu. Asubuhi na jioni madirisha hufunguliwa hewa ipite, hata kukiwa na baridi ya kugandisha masikio, na ukimfungia mtu dirisha kwa huruma utaulizwa kwa nini unataka kumwua. Chakula cha usiku ni mkate, jibini na matango, baridi. Mwezi wa kwanza niliwaonea huruma nikidhani mpishi hayupo.

Na siku ya kuzaliwa, wanangu, sikilizeni. Usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe. Mimi nilimpongeza mzee mmoja Ijumaa kwa sababu Jumamosi nilikuwa na mapumziko. Akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake likiwa na tarehe. Bi Trudi akanivuta ukumbini: "Umempa mwaka ambao bado hajaupata. Sasa wenye kuutoa wanaweza kughairi." Jumamosi nikapanda treni kutoka Merrylands ninakokaa, nikabadili Blacktown, siku yangu ya mapumziko, nikaenda kumpongeza upya kwa wakati wake. Akaishi miaka minne zaidi. Kila mwaka siku hiyo alinitazama kwa chati.

Lakini amri kubwa kuliko zote niliipata Desemba yangu ya kwanza. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi Bi Trudi alifungua kamba zote za kuanikia za ua wa nyuma, akazizungusha mkononi kama nyoka waliokufa, akazifungia kabatini.

"Mpaka tarehe sita Januari," akasema. "Siku kumi na mbili hatuaniki."

"Kuna nini?"

Akaniambia bila kupunguza mwendo wa mikono. Siku hizo, huko kwao milimani, kuna wapandafarasi wanaopita hewani, na mbwa wao, na wanawake waliotangulia kufa. Wakikuta shuka jeupe kwenye kamba, wanalichukua. Na mwenye shuka, kabla mwaka haujakwisha, atavingirishwa ndani yake.

Mimi sikucheka. Kwetu dukani huuzi sindano usiku, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini, wala sikuwahi kuuza. Ila mfanyabiashara huwa hakubali bei ya kwanza.

"Bi Trudi, hao ni wa milima ya theluji. Hapa sasa ni kiangazi, nyuzi thelathini na tisa. Farasi watapita wapi? Visa watapata?"

"Sisi tulipata," akasema. "Wao watashindwa nini?"

"Na draya? Tukikaushia mashineni?"

"Draya hawaijui."

"Wewe unaamini?"

"Siamini," akasema Bi Trudi. "Lakini sianiki."

Basi ikawa hivyo miaka yote. Alipostaafu aliniachia ufunguo wa kabati na sheria yake, nami nikaishika kama ilivyo. Kila mkesha wa Krismasi nikakunja kamba, nikakausha kwa draya hadi tarehe sita. Wazee waliuona ua mtupu kutoka madirishani mwao wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Kisha ikaja korona.

Mwaka wa kwanza mlikuwa shuleni, kwa hiyo nitawaambia ulivyokuwa. Treni ya asubuhi nilipanda peke yangu, behewa zima, na sauti ya kutangaza vituo ikinitajia mimi tu, kwa adabu, kama mtumishi wa nyumba ambayo wenyewe wamehama. Blacktown jukwaani watu watatu, kila mmoja kasimama kwenye alama yake ya duara. Watoto wa wazee walikuja kusimama nje ya madirisha, wakaweka viganja kwenye kioo. Mwaka wa pili tukazoea, na kuzoea ndiko kulikotuponza. Krismasi ya mwaka huo ugonjwa uliingia ndani. Tulivaa magauni ya plastiki, barakoa, miwani na ngao ya uso, tukawa wote sawa. Wazee wakawa wanatuuliza majina kila tulipoingia, na wengine wakawa hawaulizi tena, wanatutazama tu tukija.

Upande wa nyuma ulikuwa na vyumba ishirini na vinne. Chumba cha kumi na nne alilala Mzee Anton, aliyekuwa seremala. Akili zilikuwa zimemtoka, zimebaki mikono. Kumi na tano alikuwa mkewe, Bi Hannelore, mshona nguo, akili zake zote zipo na za ziada. Anton alipimwa siku ya Krismasi akakutwa na korona. Akafungiwa chumbani kwake, na mkewe chake, kwa sababu walikuwa wamekula pamoja. Ukuta mmoja katikati. Bi Hannelore akawa anagonga mara tatu kwa fundo la kidole, na Anton, ambaye hakujua tena jina lake mwenyewe, anajibu mara tatu. Mimi nilikuwa ninapita na toroli ya mashuka nikisikia. Kuna wakati anagonga, na jibu linachelewa, nami toroli nimeisimamisha, nimebana pumzi ndani ya barakoa kama vile nami nimeulizwa.

Draya tulikuwa nazo mbili. Moja iliharibika mapema ikawa inasubiri kifaa kutoka ng'ambo. Ya pili ilikufa siku ya tatu baada ya Krismasi. Nikapiga simu kwa fundi. Fundi yuko karantini. Fundi mwingine, karantini. Kampuni ya kufua ya nje, wafanyakazi wote wagonjwa. Kufikia mchana nilikuwa na mashuka ishirini na manne yaliyolowa, na wagonjwa wenye homa wamelalia magodoro ya plastiki yanayowanata mgongoni.

Nikamwendea Sista Wanjiku, mkuu wa manesi, Mkenya, mlokole, mtu wa kusema kweli hata asipoulizwa.

"Sista, itabidi nianike nje."

"Si uanike? Jua hiyo yote tumeletewa ya nini?"

"Ni zile siku zao. Kumi na mbili."

"Mzee, wacha hiyo maneno. Hiyo ni mambo ya mashetani. Mimi niko na watu wanaungua na homa. Anika, na mimi nitaomba."

Nikafungua kabati. Nikafunga kamba. Nikaanika kwa mpangilio wa vyumba, moja mpaka ishirini na nne, kila moja na vibanio vitatu, utepe wa namba ukinielekea mimi. Kamba ya nyuma ilipita hatua moja tu kutoka dirisha la Bi Hannelore. Pazia lake lilikuwa wazi. Alikuwa amesimama, mkono juu ya kioo, ananitazama na midomo yake inatikisika. Nilidhani anasali. Alikuwa anahesabu.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua lile la Sydney la Desemba lililosimama wima, halimpi mtu hata kivuli cha kuazima. Nyenje walikuwa wanapiga kelele kwenye miti tangu asubuhi, kelele ambayo masikio huacha kuisikia. Nikiwa nimegeuka kuokota kapu, wakanyamaza. Wote, kwa mara moja, kama mtu aliyezima redio. Hapakuwa na upepo, jani halikutikisika. Nikasikia nyuma yangu mashuka yakipiga, mara moja, pamoja, ule mlio wa kitambaa kizito kinapokung'utwa na watu wawili. Nikageuka. Yamening'inia wima, yametulia, meupe mpaka yanaumiza macho. Halafu nyenje wakaanza tena.

Sikukimbia. Niliingia ndani kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka jambo.

Saa tisa yalikuwa yamekauka. Nikayaanua nikihesabu. Ishirini na matatu. Nikahesabu tena, namba kwa namba. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano. Vibanio vitatu vya namba kumi na nne vilikuwa kwenye kamba, vimeng'ata hewa.

Nilitafuta ua mzima. Nyuma ya pipa, chini ya ua wa miti, juu ya paa la banda la baiskeli. Ule ua umezungukwa na ukuta mrefu kuliko mimi, na lango lina ufunguo mmoja, nao ulikuwa kiunoni mwangu. Dirisha la Bi Hannelore lilikuwa limefunguliwa kiasi kinachoruhusiwa, shubiri moja, hewa ipite. Akaniita kupitia uwazi ule. Tulikuwa tunazungumza Kiingereza, chake cha milimani, changu cha Tanga.

"Bwana Shabani. Yamerudi mangapi?"

"Ishirini na manne, mama."

"Mimi nimehesabu ishirini na matatu. Mara mbili."

Mtu wa kazi moja huwezi kumdanganya.

"Nani hana shuka?"

"Mama, mashuka haya ni vitambaa tu. Limepeperushwa, nitalipata."

"Upepo upi?"

Ndani, upande wa pili wa ukuta, Anton alikohoa kikohozi kirefu, na sote wawili tukasubiri kiishe.

"Mama yangu alianika shuka moja siku hizi," akasema. "Lilikuwa la kitanda cha ndugu yangu Emil. Mtoto alikuwa amelikojolea, afanye nini? Lilipotea hivi hivi. Tulimzika Emil mavuno hayajaisha." Akashika ukingo wa dirisha. "Ni la Anton, sivyo?"

"Ni la kumi na nne."

"Wewe una daftari. Andika kwamba lililopotea ni la kumi na tano."

"Siwezi, mama. Nitakuwa nimeandika uongo."

"Ulishaniambia ishirini na manne."

Hapo alinibana. Nikajaribu njia nyingine. "Tuseme hivi. Lililopotea ni la nyumba. Nyumba ni ya kampuni. Kampuni haifi, inauzwa tu."

Hakucheka, ila pembe moja ya mdomo ilifikiria kucheka. "Lina namba."

"Basi nusu kwa nusu. Wewe na yeye."

"Shuka halikatwi nusu kwa jambo hili. Kumi na tano, Bwana Shabani. Ninakuomba."

Nimeuza na kununua maisha yangu yote, na najua mtu akifika bei yake ya mwisho sauti inakuwaje. Ile ndiyo iliyokuwa sauti yake. Na mimi ndiye niliyefungua kabati. Mimi ndiye niliyefunga kamba.

"Nitaandika langu," nikamwambia. "Aliyeanika ni mimi. Huko kwenu sheria gani itakataa?"

"Utakuwa umejipunja," akasema, akafunga pazia.

Nikaandika: yametoka ishirini na manne, yamerudi ishirini na matatu, lililopotea ni la Shabani. Kesho yake Sista Wanjiku alikuja kusaini, akasoma, akaivua ngao ya uso asome vizuri.

"Mzee! Umejiandika?"

"Ni daftari la mashuka tu, Sista."

"Futa."

"Wewe si huamini?"

"Siamini. Futa hata hivyo."

Sikufuta. Nikasema moyoni, Mungu mmoja, mimi Mwislamu, siku yangu iliandikwa kabla ya draya kubuniwa. Maneno mazuri sana mchana. Anton alipona. Homa ilimwacha Januari ikiwa changa, akaamka akaomba mkate. Nikafurahi, kisha katikati ya furaha nikajiuliza: kama yeye amepona, basi hesabu iko wapi?

Februari nikaugua mimi. Siku tisa chumbani Merrylands, mke wangu akiniachia uji mlangoni na kugonga. Nikilala namwona mtu amekunja shuka peke yake, kidevu kikiwa mkono wa tatu, na kidevu hakina uso juu yake. Mimi niliyekuwa siamini nilizihesabu siku zilizobaki mpaka mwaka uishe, na nilizihesabu mara mbili. Niliporudi kazini Bi Hannelore alikuwa kwenye kiti chake ukumbini.

"Bado upo?" akasema.

"Nipo, mama."

"Vizuri. Usiwe na wasiwasi."

Akawa ananiuliza hivyo kila asubuhi. Bado upo? Nipo, mama. Usiwe na wasiwasi. Mwenzake wa meza alidhani ni salamu ya Kiswahili akaanza kuniuliza naye. Mwezi baada ya mwezi, mimi ninazidi kuwa makini na ngazi, waya za umeme na kuvuka barabara, yeye anazidi kuwa mwepesi. Alikuwa anapungua kama sabuni, bila ugonjwa wenye jina. Daktari alisema ni moyo, na ni umri. Alasiri alikaa kando ya mumewe na kumshika mkono, na Anton alimwuliza, kila siku upya, kama ameolewa.

Septemba, Jumapili ya kimya, alifariki kwenye kiti saa ile ile ya kahawa. Sista Wanjiku akafungua dirisha, kwa sababu hata yeye alishajua kwamba Mjerumani akifa dirisha hufunguliwa, roho isikwaruze kioo. Akanipigia simu ya ndani.

"Mzee, kuja na shuka safi. Na uniletee gauni lake, liko kwa droo ya chini."

Nilivuta droo. Juu kulikuwa na gauni la bluu, soksi, na hanjifu. Chini yake shuka jeupe, limekunjwa mkunjo wa mwenye kujua. Nikalijua uzito wake kabla sijalifungua. Pembeni palipokuwa na utepe wa namba kumi na nne palibaki matundu madogo ya sindano, yaliyofumuliwa kwa subira. Na juu yake, kwa uzi mwekundu, kwa ile mishono ya msalaba ambayo mabinti wa kwao walishonea mashuka ya harusi yao, alikuwa ametia kumi na tano, na herufi za kwanza za jina lake la usichanani.

Nikakaa kitandani. Fimbo yake ya kutembelea, ile yenye kichwa cha ndoano, ilikuwa imeegemea ukuta kando ya dirisha. Hatua moja, na shubiri moja ya uwazi. Aliona shuka la mumewe kwenye kamba siku isiyofaa, akalivuta ndani kabla wale wapandafarasi hawajalifikia. Halafu akaniomba niandike ukweli, nami nikamwambia ni uongo.

Sijui nani aliyewanyamazisha nyenje. Hilo sina hesabu yake.

"Mzee," Sista Wanjiku akasema mlangoni. Akaona nilichoshika. Aliusoma ule uzi mwekundu, akayasoma na yale matundu. Mlokole yule akakaa kando yangu, na hakumkemea yeyote. "Aki. Amekuwa nalo tu?"

"Tangu siku ile."

Akajifuta macho kwa kiwiko, kama tulivyojifunza miaka ile, tusijiguse uso. "Basi tumvishe."

Tukamvingirisha. Mimi nilishika upande wa kichwa, kwani nimekwisha kuwavingirisha wazazi wangu na mikono inajua. Namba ilikaa juu ya moyo. Wale wa mazishi walipokuja, kijana mmoja mstaarabu akaniambia shuka la nyumba hubaki nyumbani, wao wana lao.

"Hili si la nyumba."

"Nahitaji kuandika tu, baba, kwamba—"

"Andika ni lake. Soma namba."

Akasoma. Akaandika.

Nikarudi chumba cha kufulia. Mashine zilikuwa zimenyamaza kwa ajili ya Jumapili. Nikafungua daftari kwenye ule mstari, nikapitisha rula juu ya jina langu, na nikaandika kumi na tano, kama alivyoniomba. Kisha nikatazama hesabu iliyokuwa pembeni. Kwa miezi tisa nilikuwa nimeiachia nafasi, nikitumaini siku moja nitaisahihisha.

Yametoka ishirini na manne. Yamerudi ishirini na matatu. Nikatia saini.